Chokaa Ndani ya Birika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku ndiye aliyechemsha maji ya chai. Alijaza birika la umeme bombani, akabonyeza kitufe, kisha akaanza kusimulia: ndoto aliyoota, viatu vinavyombana, mwalimu wa hesabu aliyepiga chafya mara saba mfululizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo wake haukujua likizo, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Chiriku. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alimsikiliza kwa sikio moja huku akitafuta funguo zake. Babu ndiye aliyemsikiliza kwa yote mawili.

Babu alikuwa baba yake Mama. Kwa miaka arobaini alitengeneza saa, na vidole vyake viliwahi kushika skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha. Siku hizi vidole hivyo vilitetemeka, na kumbukumbu nayo ilianza kumchezea. Kuna siku miwani yake ilitafutwa nyumba nzima, ikakutwa ndani ya jokofu juu ya trei ya mayai.

"Nilitaka mayai yanione vizuri," alisema Babu, na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Maji ya mtaa wao yalitoka kwenye kisima kirefu. Yalikuwa safi na salama kunywa, lakini sabuni haikutoa povu kirahisi, na midomo ya mabomba iliota ndevu nyeupe. Yalikwisha kuziba matundu ya pasi ya mvuke ya Mama. Kwa hiyo Mama alimpa Chiriku kazi moja kila Jumamosi: kuchemsha maji yenye ndimu ndani ya birika, kuyaacha nusu saa, kisha kulisuuza.

Chiriku aliifanya kazi hiyo Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu wenzake walikuwa wanaruka kamba nje. Alilisugua birika kwa nje tu, likang'aa, akapaza sauti, "Tayari, Mama!" Wiki iliyofuata akafanya vilevile. Weupe ndani ya birika aliuona ukizidi kunenepa, lakini kila mara alijiambia atausafisha wiki ijayo. Miezi minne ikapita hivyo.

Siku moja alasiri, Babu akiwa peke yake nyumbani, alitaka chai. Aliwasha birika. Baada ya dakika chache kikasikika kishindo kidogo, pakanuka kuungua, na umeme ukakatika nyumba nzima. Chiriku aliporudi kutoka shuleni alimkuta Babu amesimama jikoni, mkono ukiwa kifuani.

"Limelia pah!" alisema Babu. "Sijui nimefanya nini."

Jioni Mama alilitazama birika lililoungua, kisha akamtazama baba yake. Aliuliza kwa upole, "Baba, ulitia maji kweli?"

"Nilitia, mwanangu."

"Una hakika?"

"Nadhani nilitia," alisema. Baadaye wakati wa kula akaongeza kwa sauti ya chini, "Labda nilisahau."

Chiriku aliinamia sahani yake. Aliukumbuka ule weupe ndani ya birika, akaendelea kuchezea chakula bila kusimulia lolote. Mama alidhani ana homa, akamgusa paji la uso.

Kesho yake sheria mpya zikaanza. Babu asiguse kitu cha umeme akiwa peke yake. Chai yake itawekwa kwenye chupa asubuhi. Na Mama akampigia simu dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine. Chiriku aliyasikia mazungumzo yote: "Siwezi kuwa kazini huku moyo wangu uko nyumbani. Leo birika, kesho moto. Njoo umchukue Jumapili, akae kwako ambako kuna watu mchana kutwa."

Babu hakubisha. Hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi. Ijumaa alipotoka shule alikuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya soketi ya jikoni. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Babu, herufi ndogo zilizopinda kwa kutetemeka: TIA MAJI KWANZA.

"Birika lenyewe halipo, Babu," alisema Chiriku.

"Najua. Najifunza tu," alijibu Babu. "Nisije nikawachomea watu nyumba yao huko ninakokwenda."

Chiriku hakuweza kuvumilia zaidi. Alilitoa birika kwenye pipa la takataka, akalikumbatia, akakimbia hadi mwisho wa mtaa kwa fundi wa vyombo vya umeme. Fundi huyo alikuwa mwanamke kijana mwenye penseli nyuma ya sikio na meza iliyojaa feni na redio zilizofunguliwa matumbo.

Fundi alichungulia ndani ya birika, akapiga mluzi. "Hili birika au pango? Mdogo wangu, hii yote ni chokaa." Aligonga kwa bisibisi, gamba jeupe likabanduka, nene kama ganda la yai la bata. "Maji yetu ni magumu, yana madini yaliyoyeyuka. Ukiyachemsha, madini yanagandia kwenye koili, kile chuma kinachopasha maji moto. Basi koili inakuwa kama mtu aliyevaa makoti matano juani. Joto halipati pa kutokea."

"Ndipo ikaungua?"

"Ikapasuka. Ona ufa huu. Maji yakaingia ndani ya koili, ndiyo maana umeme ukakatika."

Chiriku alishika ukingo wa meza. "Maji yaliingia? Kwa hiyo birika lilikuwa na maji?"

"Bila maji kingeingia nini?"

Alirudi mbio. Mama alikuwa amefika, anakunja mashati ya Babu na kuyapanga ndani ya sanduku. Babu alikaa kitandani akimtazama.

"Mama, acha kupanga," alisema Chiriku huku akihema. "Babu alitia maji. Fundi amesema. Ni chokaa iliyopasua koili, na chokaa ni mimi. Sikusafisha. Kila Jumamosi nilisugua nje tu nikakwambia tayari. Miezi minne, Mama. Nilishuku tangu siku ile, nikaogopa kusema." Akaangua kilio.

Babu aliinuka kitandani. "Nilitia maji?"

"Ulitia, Babu."

"Nilitia maji," alirudia, safari hii akimwambia Mama, na uso wake ukanyooka.

Mama aliketi chini taratibu, shati likiwa bado mkononi. "Nisamehe, Baba. Nilikuuliza mpaka nikakutia shaka." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe umenikosea sana. Lakini umesema."

Jioni hiyohiyo Mama alimpigia dada yake simu kumwambia kwamba Jumapili aje kusalimia tu. Babu mwenyewe aliibandua ile karatasi ukutani. Kesho yake asubuhi Fundi alileta birika likiwa na koili mpya, akamwonyesha Chiriku namna ya kuloweka midomo ya mabomba na kichwa cha bomba la bafuni kwenye siki. Chiriku alifanya kazi mpaka vidole vikakunjamana. Wenzake walimwita kupitia dirishani, akawajibu, "Bado sijamaliza!"

Babu alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Umenikasirikia, Babu?" aliuliza Chiriku bila kuinua macho.

"Birika halikunikera," alijibu Babu. "Vitu huharibika, nimevitengeneza maisha yangu yote. Kilichoniuma ni kwamba kwa siku nne sikuiamini akili yangu mwenyewe. Ukificha kosa lako, mjukuu wangu, halipotei. Linakwenda kumkalia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiye na nguvu ya kujitetea. Kwa hiyo liseme mapema, lingali dogo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akaufuta mkono wake uliolowa, akaulaza juu ya mkono wa Babu uliokuwa unatetemeka.