Huenda Mkahitaji Kuhama

Jumamosi asubuhi Bupe alikuwa jikoni akikaanga maandazi. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, naye aliipenda sana. Siku nyingine alishinda kwa bibi mmoja mzee wa mtaa huohuo, akimwogesha, akimlisha na kumtembeza.

Nyumba yao ya ughaibuni ilikuwa mjini Laurel, jengo C. Haikuwa kubwa. Lakini binti yao Anna alikwenda shule kwa miguu, Bupe alikwenda kazini kwa miguu, na barazani kulikuwa na ndoo sita za mchicha. Walikuwa wametulia hapo miaka minne.

Mumewe, Lusekelo, aliingia na karatasi mkononi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama Anna, zima jiko," alisema. "Tumefukuzwa."

"Tumefukuzwa na nani?"

"Ofisi ya majengo. Wamebandika barua mlangoni. Soma mwenyewe."

Bupe alifuta mikono, akaisoma. Zilikuwa kurasa mbili za Kiingereza kigumu. Macho yake yakarukaruka, yakatua kwenye maneno aliyoyajua: residents, move, pipes, October. Wakazi, kuhama, mabomba, mwezi wa kumi. Hakuendelea kusoma.

Lusekelo si mtu wa kubabaika. Anaendesha basi la shule, na watoto hamsini wakipiga kelele nyuma yake hata hageuki. Lakini barua za ofisi humtia baridi. Alipokuwa kijana huko Mbeya, barabara ilipanuliwa. Siku moja waliamka wakakuta ukuta wa nyumba yao umepigwa X nyekundu. Baba yake akasema wasubiri kwanza, waone. Tingatinga lilipokuja, makabati na magodoro yalikuwa bado ndani. Tangu siku hiyo Lusekelo alishika jambo moja: ukisikia habari ya kuhama, hama mapema.

Basi hakupoteza muda. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshampigia simu rafiki yake Anatoli, anayekaa mji wa Frederick, mwendo wa karibu saa nzima kwa gari. Anatoli alijua nyumba iliyokuwa wazi.

"Jumatatu napeleka notisi ofisini kwamba tunaondoka," Lusekelo alisema. "Nikishaitia sahihi, mambo yamekwisha."

"Na kazi yangu?"

"Utapata nyingine."

"Na shule ya mtoto?"

Anna alikuwa amesimama kwenye korido, amesikia yote.

"I'm not changing schools, Baba," alisema, akakimbilia chumbani. Bupe alimsikia akilia, naye akatamani kulia.

Ndoo sita hazingeingia kwenye gari pamoja na vitanda. Alasiri Bupe alibeba mbili, akagonga mlango wa mkabala. Hapo anakaa Nkatha, Mkenya wa Meru, mwanamke mcheshi asiyejua kunong'ona. Mchana anafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Jioni za Jumanne anafundisha watu wazima Kiingereza maktabani.

"Aki Bupe, mboga zote hizi? Unaniandalia harusi?"

"Tunahama, dada. Barua si imekuja?"

"Gani? Hiyo?" Nkatha alinyoosha kidole kwenye friji. Barua ileile ilikuwa imebandikwa hapo, kando ya kalenda ya kanisa. "Hata mimi nimeletewa. Sasa, unaniona nikipaki?"

Bupe aliangaza macho. Makochi yalikuwa mahali pake. Sufuria ya githeri ilikuwa ikichemka. Hakuona hata boksi moja.

"Keti," Nkatha alisema, akaishusha barua mezani. "Nisomee hapa. Pole pole."

Bupe alisoma kwa sauti, "There is a possibility that residents may need to move for a short time."

"Haya. Inasema nini?"

"Wakazi wahame."

"Umeruka! Kila mtu huruka. Macho hukimbilia kile kinatisha. Rudi nyuma. Neno gani limetangulia hiyo that?"

"Possibility. Uwezekano."

"Na baada ya that, mbele ya need, kuna neno gani dogo?"

"May."

"Huenda. Sasa ziweke pamoja. Kuna uwezekano kwamba wakazi huenda wakahitaji kuhama kwa muda mfupi. Hapo ni nani amefukuza nani?"

Bupe aliisoma tena. Kweli, hakuna aliyefukuzwa.

"Barua za ofisi hupenda sentensi za namna hii," Nkatha alisema. "Neno la kwanza linakuambia ni jambo la aina gani. Neno dogo linakuambia lina nguvu kiasi gani. Ukiona possibility na may, jambo linaweza kutokea, linaweza pia kukosa. Ukiona recommendation na should, unashauriwa tu, uamuzi ni wako. Lakini ukiona requirement na must..."

"Ngoja," Bupe alimkatiza. "Ngoja kwanza, dada. Hayo mbona nayajua?"

Alikumbuka karatasi ya muuguzi iliyobandikwa jikoni kwa yule bibi. Ameisoma kila asubuhi kwa miaka mitatu.

"Kuna recommendation that she should walk after lunch," Bupe alisema. "Bibi akikataa kutembea, simlazimishi. Kuna risk that she may feel dizzy. Huenda akasikia kizunguzungu, kwa hiyo sikai naye mbali. Halafu kuna requirement that two people must lift her. Hapo hata niwe na haraka gani, namsubiri mwenzangu."

Nkatha alipiga meza kwa kicheko. "Sasa umekuja kwangu kufundishwa nini, mwalimu?"

Bupe naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kazini alisoma kwa utulivu. Nyumbani alikuwa amesoma kwa hofu.

"Lakini hujamaliza," Nkatha alisema. "Geuza ukurasa."

Nyuma kulikuwa na fomu, na juu yake mstari mmoja. Bupe aliusoma taratibu, neno kwa neno. "There is a requirement that every household must return this form by Monday." Kicheko kikamkauka. Kila familia ilikuwa lazima irudishe fomu hiyo kufikia Jumatatu.

"Mmejaza?"

"Hata hatukuiona."

"Ona sasa! Mnatii huenda, na lazima mnairuka. Hiyo fomu ndiyo inasema mtawekwa wapi bomba zikitengenezwa, na kwamba mnataka kurudi. Usipoirudisha, nyumba hawakuwekei. Kimbia!"

Bupe alikimbia. Alimkuta Lusekelo amepiga magoti sebuleni, akifunga sahani kwa magazeti. Hakumcheka. Alikaa chini karibu naye, wakaisoma barua pamoja. Lusekelo aliweka kidole juu ya neno may, akakiacha hapo kwa muda.

"Baba naye alisema tusubiri," alisema kwa sauti ya chini.

"Baba alisubiri bila kuuliza, mume wangu. Sisi hatusubiri. Tunajaza fomu leo, na Jumatatu tunakwenda kuuliza."

Lusekelo alisukuma sahani kando.

"Lete kalamu," alisema.

Jumatatu walifika ofisini mlango unafunguliwa tu. Waliirudisha fomu. Lusekelo alikuwa amefanya mazoezi ya swali lake tangu Jumapili.

"Is there a requirement that we must move," aliuliza, "or only a possibility?"

"Only a possibility, sir," mama mmoja wa mapokezi alijibu. Mabomba yatapimwa kwanza, alieleza.

Lusekelo hakuishia hapo. Aliomba ahadi ya kurudi, kwa maandishi. Yule mama akachapa karatasi: a guarantee that your family will return to the same apartment. Lusekelo aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Neno lilikuwa guarantee, yaani hakikisho, na baada yake will, si may. Aliridhika.

Mwezi wa kumi mabomba yao yalipimwa, yakakutwa mabovu. Walihamia jengo A, ng'ambo ya maegesho ya magari, kwa siku kumi na moja. Anna aliendelea na shule yake. Bupe hakukosa kazi hata siku moja.

Siku ya kumi na mbili walirudishiwa funguo. Lusekelo alizunguka nyumba nzima akifungua mabomba. Maji yalitoka safi, ya moto. Bupe alimkuta bafuni, amekaa ukingoni mwa sinki la kuogea, maji yakitiririka.

"Unamaliza maji, Baba Anna."

"Mama Anna," alisema, "maisha yangu yote sijawahi kutolewa kwenye nyumba nikarudishwa."

Bupe alifurahi hadi machozi yakamtoka. Alikaa kando ya mumewe, na hakumwambia tena afunge bomba.