Wahudumu wa Hoteli Amarante

Houda alikuwa jirani yetu mtaani Buyenzi, ukuta kwa ukuta, na jambo hili lilimpata mchana kweupe, saa nane, watu wakitoka kula. Inafaa kulisema hilo mapema, maana wengi wakisikia habari za namna hii hudhani ni za usiku. Mwaka ule wa 1997, katikati ya vita, usiku hakuna aliyetoka. Mambo yetu yote, hata ya kutisha, ilibidi yatokee mchana.

Alikuwa mke wa Shaabani, fundi wa magari. Au mjane wake; hakuna aliyejua neno lipi ndilo. Mwaka mmoja na miezi mitatu kabla ya hapo, Shaabani alitoka asubuhi kupeleka giaboksi ya lori kwenye maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda. Lori alilopanda lilionekana. Giaboksi ilionekana. Yeye hakuonekana. Walisema alishushwa kwenye barrière, kizuizi cha wenye silaha, akaambiwa asubiri kidogo.

Houda hakulia. Angekaa eda vipi, na maiti hakuna? Kitu ndani yake kilikufa ganzi, basi. Siku moja mama yetu aliona kwa macho yake Houda akiepua sufuria la moto kwa mikono mitupu, akalitua chini taratibu, vidole vimebabuka, huku akiendelea kuzungumzia bei ya maharage. Jambo moja tu alilifanya kwa ajili ya Shaabani, na hakumwambia mtu: aliacha sukari. Alijiapia kimoyomoyo kwamba hataonja chai tamu mpaka mumewe arudi.

Kazi yake ilikuwa kwa Xavier, mwenye ofisi ndogo mjini ya kuwapokea wageni na kuwatafutia malazi. Jumatatu moja Xavier alimpa orodha ya majina saba. Walikuwa madaktari, Warundi waliokuwa wakifanya kazi nchi za nje, wanakuja kwa mkutano wa siku nne.

"Da Houda, beyi si shida," alimwambia. "We zunguka mahoteli, angalia service, angalia ambiance. Hawa watu wanakuja kwa woga. Nataka walale muzuri."

Houda akachukua daftari, akaanza kuzunguka.

Hoteli ya kwanza, karibu na soko, taulo zilinuka ukungu, na Fanta aliyoagiza ililetwa baada ya nusu saa, ya moto. Ya pili ilikuwa ufukweni mwa ziwa. Bustani nzuri, vyumba safi, ila baa ilijaa wanajeshi walioweka bunduki mezani katikati ya chupa, na mhudumu alitetemeka mpaka akamwaga kahawa kwenye sahani. Houda akaandika: huduma, kiasi; utulivu, hakuna.

Aliporudi ofisini kupumzika, simu ililia. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya adabu.

"Tumesikia munatafuta hoteli, madame. Sisi ni Amarante, njia ya kupanda Kiriri, geti jeupe. Tuko na vyumba saba."

Alikuwa ameshakata simu Houda alipokumbuka kwamba idadi ya wageni hakuna aliyeijua ila yeye na Xavier.

Alikwenda. Teksi ilimshusha mbele ya geti, na geti likafunguka kabla hajagonga.

"Karibu, madame Houda," alisema bawabu, akainama. Kifuani alikuwa na kibati cha jina: Rénovat.

Juu ya milima helikopta ilikuwa ikizunguka, na mizinga ikisikika mbali, kama kila siku. Houda akavuka kizingiti. Mngurumo haukupungua. Ulikatika.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungini. Sakafu iling'aa. Maua mabichi juu ya kila meza, na hapakuwa na nzi hata mmoja. Alipofikiria kukaa, kiti kilikuwa tayari kimevutwa. Alipohisi jua la dirishani usoni, pazia lilikuwa limeshateremshwa. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuona huduma ya namna ile. Akafungua daftari aandike alama za juu kabisa.

Mhudumu alimletea chai ya maziwa yenye iliki. Mzee wa miaka hamsini hivi, mwenye ndevu. Akaitua bila mlio, akainama karibu na sikio lake.

"Bila sukari," alinong'ona. "Mpaka arudi."

Kalamu ikasimama.

Houda aliinua macho polepole. Kibati cha yule mzee kilisomeka: Orlane, jina la kike.

Akatoa orodha ya Xavier mkobani. Jina la kwanza, Rénovat. La pili, Orlane. Akageuka kuwatazama wahudumu waliosimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Révérien. Hyacinthe. Chanelle, naye alikuwa mvulana mwenye kovu shingoni. Méthode. Pamoja na yule mzee na bawabu aliyekuwa ameingia nyuma yake, sita, kwa mpangilio uleule wa karatasi. Koti zao zilikuwa nyeupe, zimepigwa pasi. Viatu vyao vilikuwa vimejaa udongo mwekundu, mbichi, unaotiririka maji. Sakafu haikuwa na doa.

Jina la saba kwenye orodha lilikuwa Spéciose.

"Wa saba yuko jikoni," alisema yule mzee. "Anakuja."

Houda aliusikia mwendo kabla ya kumwona. Mguu mmoja unakanyaga, wa pili unaburuzwa kidogo. Jeki iliwahi kuteleza gereji ikamponda kifundo, na tangu hapo alitembea hivyo. Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Shaabani akatoka amebeba sinia tupu, kucha zake safi. Hazikuwahi kuwa safi kiasi kile hata siku ya ndoa yao.

Kifuani: Spéciose.

"Houda," alisema.

"Uko muzima?"

Akafikiri. 

"Niko na kazi," alijibu.

"Twende nyumbani."

"Mi siwezi kutoka. Mpaka mugeni aingie."

"Mugeni gani?"

Shaabani akagusa kibati chake kwa kidole.  Houda akalitazama lile jina, akaitazama orodha, na maana ikamfikia polepole.

"Mutu mmoja anaingia, mutu mmoja anatoka," alinong'ona Shaabani. "Wako saba, tuko saba. We andika tu hoteli ni nzuri. Andika, Houda, na kesho asubuhi niko mulangoni."

"Na wao?"

"Watahudumia. Mpaka waje wengine."

Mkobani mwa Houda, pamoja na orodha, kulikuwa na barua. Daktari Spéciose alikuwa amemwandikia Xavier kwa mkono wake, akiomba chumba cha chini kisicho na ngazi.

"Huyu wako ana mimba," alisema Houda. "Miezi saba."

Wale wahudumu sita hawakutikisika. Sinia mkononi mwa Shaabani haikutikisika. Mtu huyu alikuwa akimkimbilia mteja barabarani kumrudishia boliti moja iliyobaki. Houda akamtazama usoni akimtafuta yule mtu. 

"Andika," alisema Shaabani.

Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Huku ni baridi, Houda."

Alisubiri uchungu umjie. Alijua kwamba hapa ndipo moyo unapopasuka, hapa ndipo mwanamke anapojitupa chini. Haukuja. Aliuona mkono wake mwenyewe juu ya daftari, akauona kama mkono wa mtu mwingine. Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Ilitosha neno moja. Nzuri.

Akafunika kalamu.

"Apana," alisema.

Wahudumu wote saba wakainama kwa pamoja. Shaabani akazunguka nyuma yake, akamvutia kiti ainuke. Akamkabidhi mkoba kwa mikono miwili.

"Asante kwa kututembelea, madame," alisema, kwa sauti ambayo angempa mgeni yeyote. "Karibu tena."

Houda alitembea. Hakugeuka nyuma. Alipovuka kizingiti, helikopta ikarudi juu ya kichwa chake. Akateremka Kiriri kwa miguu hadi mjini, akamwambia Xavier achukue ile ya ufukweni, hata kama ina wanajeshi.

"Na ya Kiriri? Walisema nini?"

"Service yao ni nzuri mno," alisema Houda. "Apana."

Madaktari walikuja. Walilala vibaya, wakalalamikia kahawa, wakaondoka salama. Daktari Spéciose, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, alimshika Houda mkono uwanja wa ndege akamwuliza kwa nini siku zote nne alikuwa akimtazama tumbo. Houda akasema anamtakia kheri.

Asubuhi iliyofuata alipanda tena Kiriri. Geti jeupe lilikuwepo. Nyuma yake palisimama nguzo za saruji zisizo na paa, mbuzi wawili wakila majani katikati. Mlinzi, Mugisho, alimwambia mwenye nyumba alikimbia tangu mwaka 93, nyumba haijamalizika.

"Watu hufika hapa?" Houda alimwuliza.

"Wanafika, mama. Mutu anaingia, anasimama pale katikati, anaandika kwenye karatasi, anaenda. Mi siulizi. Wiki iliyopita moja yao alirudi na kikundi cha kanisa. Watu wanne, na mavalizi."

"Wakaenda wapi?"

Mugisho akakuna shingo.

"Wakitoka, mi sikuwaona."

Akamwonyesha. Masanduku manne yalikuwa yamepangwa kwa usawa kando ya nguzo, vishikio vyote vimeelekea upande mmoja.

Alipofika Buyenzi, alisikia vigelegele tangu mwanzo wa mtaa. Vilitoka kwa Fatouma, muuza sambusa, ambaye mwanawe Djibril alikuwa amepotea miezi minane. Djibril amerudi! Fatouma alimrukia Houda shingoni, machozi yakimtiririka.

"Da Houda, Mungu ni mukubwa! Siku ya sita leo, nilimuficha ndani nikiogopa watu. Ona, mutoto wangu! Na heshima aliyorudi nayo, utashangaa!"

Djibril alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Nyumba ilijaa watu na hakuna aliyekuwa ametambua kwamba hajakaa hata mara moja. Houda aliposogea, kiti kilikuwa tayari kimevutwa. Kwenye shati la kijana, upande wa moyo, palikuwa na matundu mawili madogo ya pini.

Fatouma alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Houda akamkumbatia.

"Alhamdulillahi," alisema. Aseme nini kingine?

Vita viliendelea, kisha vikapungua, kisha siku moja watu wakagundua kwamba hawajasikia mizinga kwa miezi kadhaa. Houda hakuolewa tena. Wanaume wawili walileta posa, akawarudisha kwa upole. Mwaka 2005 alikwenda Rumonge kumzika shangazi yake, akamwachia mama yetu funguo amfagilie nyumba.

Mama aliingia siku ya kwanza na ufagio. Chumbani, kitanda cha Houda kilikuwa kimetandikwa, kasoro upande mmoja, ule wa ukutani, alikokuwa akilala Shaabani. Upande ule shuka ilikuwa imekunjuliwa pembeni kwa pembetatu iliyonyooka, na mto umepigwa ukavimba, namna wahudumu wa hoteli wanavyomwandalia mgeni anayetarajiwa kulala. Chini, sakafuni, ndara za kiume mpya zilikuwa zimewekwa sambamba, zimetazama nje. Mama akadhani Houda alisahau. Akaitandaza shuka, akasukuma ndara uvunguni, akafunga mlango kwa funguo mbili.

Siku ya pili alikuta pembetatu ileile. Ndara zimerudi mahali pake.

Siku ya tatu hakuingia.

Houda aliporudi, mama alimkabidhi funguo mlangoni, hakutaka hata kukaribishwa ndani. Hakusema alichokiona. Houda akazipokea, akamtazama mama, uso wake mkavu kama siku zote.

"Upande ule, mama," alisema kwa sauti ya chini, "musiuguse."