Waranti ya Saa Moja

Fundi wa waranti alitoka ofisi ya mwendesha mashtaka saa nne asubuhi, kisanduku cha bisibisi mkononi, akipiga mluzi.

Nyigu alimwacha avuke barabara. Akavaa helmeti. Yamaha yake ikawaka kwa kiki moja.

"Ametoka," alisema.

Sauti ya Mkuu wa Idara ya Ujasusi ikamjibu kwenye kifaa cha sikioni. "Mfuate. Usimguse."

"Anacho?"

"Anacho."

Alichokuwa nacho ni kipande cha RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, chembamba, urefu wa kidole, chenye lebo ya kijani. Mwezi uliopita ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa imekinunua ili kuipa nguvu laptopu yake iliyokuwa ikijikokota. Hakikutoka kwa waliounda laptopu hiyo. Kilitoka kwa duka la vipuri vya bei ya kumfurahisha mhasibu. Asubuhi hii laptopu iliganda mara mbili, dakika chache tu baada ya mwendesha mashtaka kufungua orodha ya mashahidi. Katibu muhtasi wake akapiga namba ya waranti. Fundi akafika ndani ya robo saa, akaomba radhi hadi akachosha, akasema RAM na mashine haziendani, akaweka nyingine na kuondoka na ile ya kwanza.

Mchezo wenyewe ulikuwa hapo.

RAM ya kawaida husahau kila kitu ukizima mashine. Hii haikusahau. Chini ya lebo ya kijani ilifichwa betri ndogo kama punje ya mtama, na kwa muda wa saa moja iliyashika yote yaliyopita mle ndani. Faili lililofungwa kwa nywila hulazimika kufunguka ndani ya RAM ili lisomeke, na likishafunguka hapo nywila haina kazi. Kuganda kulipangwa. Kutoendana kulipangwa. Waranti ilikuwa njia ya kuutoa mzigo ofisini mchana kweupe, huku mlinzi akikufungulia geti na kukutakia siku njema.

Orodha ilikuwa na majina saba na anwani saba za maficho, ya watu watakaosimama mahakamani dhidi ya genge la magendo.

Jina la nne lilikuwa la kaka yake Nyigu.

Kaka yake alikuwa fundi wa laptopu. Alikuwa na ugonjwa wa kubandua kila lebo iliyomtia shaka, na hivyo ndivyo alivyoiona betri ile kwa mara ya kwanza, kwenye mashine ya mteja. Mwingine angefunga skrubu na kunyamaza. Yeye alikwenda polisi kwa miguu yake. Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu afichwe, na dada mtu, pamoja na ujasusi wake wote, hakujua ni wapi. Ndivyo sheria ilivyo, na Nyigu hakuipenda hata siku moja.

Gari dogo jeupe la fundi lilikata kushoto. Nyigu akapita kati ya lori la saruji na teksi, kiasi cha dereva wa teksi kumtukania ukoo wake wote, akaliona tena mbele.

Taa nyekundu. Wote wakasimama, magari manne katikati yao.

"Mkuu. Namkamata hapa."

"Hapana. Mwache afike dukani kwa Miwani, bosi wake. Miwani ataisoma RAM, atatuma orodha kwa mnunuzi, na sisi tutajua mnunuzi ni nani."

"Mnunuzi akishaipata orodha?"

"Mashahidi wanahamishwa sasa hivi."

"Wamehamishwa wangapi?"

"Watatu."

"Namba nne?"

"Bado gari halijamfikia."

Taa ikawaka kijani. Nyuma yake watu walipiga honi, lakini Nyigu hakuondoka. Kuna jambo lilikuwa likimjia polepole.

"Mkuu, mlijua RAM ile iko ofisini. Kwa nini hamkuweka orodha ya uongo?"

"Ya uongo wangeitambua."

"Kwa hiyo mmemfanya kaka yangu chambo."

"Nimekupa amri, Nyigu. Mfuate, usimguse. Ukiiharibu kazi hii, usirudi."

Alizima kifaa cha sikioni. Hakuwa amewahi kukizima kazini, na alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, kidole kimoja tu. Kisha akavuta mafuta, pikipiki ikaruka mbele.

Duka lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lililojaa mafundi wa simu, mawakili na daktari mmoja wa meno. Lifti ilikuwa mbovu. Fundi wa waranti alipanda ngazi akihema, na Nyigu akasimama kwenye kona ya ghorofa ya pili, akafungua mkoba wake wa mgongoni.

Ndani mlikuwa na laptopu ya zamani aina ya ThinkPad, nzito kama tofali. Aliipindua, akalegeza skrubu moja, akainua kifuniko. Akabana vishikizo viwili kwa vidole gumba. RAM ikainuka yenyewe. Ilikuwa na lebo ya kijani pia, maana aliinunua katika duka hilo hilo wiki tatu nyuma alipokuja kulipeleleza.

Kwa macho, yake na ile ya fundi zilikuwa pacha. Lakini Nyigu, kabla Idara haijamchukua, alikaa miaka sita kwenye meza ya kaka yake, na alijua tofauti isiyoonekana. Yake ilikuwa ya mashine za zamani, inataka umeme zaidi kidogo. Laptopu ya mwendesha mashtaka ilikuwa ya kizazi cha karibuni, ya umeme mdogo, kwa hiyo RAM iliyotoka humo ilikuwa ya umeme mdogo, na mashine ya Miwani ya kuisomea lazima iwe hivyo hivyo. Ukiipa mashine ya namna hiyo RAM yenye njaa, haiungui wala haiharibiki. Inagoma tu, kama mtoto aliyefumba mdomo mbele ya kijiko.

Saa nne na dakika ishirini na nane.

Aliingia dukani akiwa tayari ameshakasirika.

Kaunta ilikuwa na karani mmoja, mwanamke mwenye sauti laini aliyeajiriwa kwa sauti hiyo. Fundi wa waranti alikuwa ameuweka mfuko wa rangi ya fedha wenye utepe mwekundu, ile RAM ikiwa ndani, kwenye trei ya vipuri vilivyorudishwa, kama biashara ya kawaida, akaingia nyuma ya mlango wa kioo kumwita bosi wake.

Nyigu alibwaga ThinkPad na RAM yake juu ya kaunta. Akaanza. Alisema kipuri chao ni kibovu, mashine yake imekufa, kazi zake zimelala, na yeye si mtu wa kuchezewa. Alitarajia kipuri kipimwe, aulizwe risiti, aambiwe amekivunja mwenyewe. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona duka la vipuri lililopokea kitu bila kugombana kwanza na mteja. Hata kaka yake, mtu mpole, aligombana.

"Pole sana, dada. Tutakubadilishia," karani alisema, akikinga mkono.

Hakuuliza risiti. Hakusoma namba. Hakuandika jina la mteja kwenye kikaratasi na kukibandika, kama kila fundi mwenye akili anavyofanya ili vipuri vya watu visichanganyike. Duka la wezi lilikuwa limeiga kila kitu cha duka la kweli isipokuwa ubishi na vikaratasi, na bila vikaratasi hakuna aliyeweza kujua kipi ni kipi.

Nyigu aliivuta trei. Alisema kwa ukali kwamba hapokei mbadala mpaka alinganishe, kwani si ajabu wanazungusha vibovu vile vile. Akaitoa RAM kwenye mfuko wa utepe mwekundu, akaishika pamoja na yake, akaziinua zote mbili dirishani, akazigeuza, akazipuliza. Karani alitabasamu tu. Alilipwa kutabasamu.

RAM ya ThinkPad ikaingia kwenye mfuko wa utepe mwekundu. Nyingine ikabaki kiganjani mwa Nyigu, na kiganja kikaingia mfukoni.

Mlango wa kioo ukafunguka. Miwani akatoka. Alikuwa mfupi, suti ya kijivu, lenzi nene kama vitako vya glasi. Aliuchukua mfuko bila kumtazama mteja, akarudi ndani.

Nyigu angeweza kuondoka wakati huo. Hakuondoka. Alitaka kusikia mashine ikilia kwa kugoma.

Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi.

Bila shaka Miwani alikuwa akihamisha RAM kwenye nafasi ya pili.

Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi.

Alimsikia akimfokea fundi wa waranti, na fundi akiapa kwamba ndiyo yenyewe, haijamtoka mkononi. Kwa mwaka mzima watu hawa walikuwa wakizunguka ofisi za wenzao wakisema haziendani, poleni, haziendani. Sasa ilikuwa imewakuta, na hawakuwa na namba ya waranti ya kupiga.

Mlio wa tatu ulifuatwa na hatua za haraka.

Miwani alisimama mlangoni akiwa na bastola aina ya Browning. Alimtazama karani, akaitazama trei, akaitazama ThinkPad iliyokuwa wazi na nafasi yake tupu. Hakuwa mjinga.

"Iko wapi?"

"Umeyasafisha meno ya RAM kwa ufutio?" Nyigu aliuliza. "Mara nyingine ni vumbi tu."

Bastola ikapanda.

ThinkPad ilipanda mapema zaidi. Iligonga kifundo cha mkono kwa kona, risasi ikaingia kwenye rafu ya kibodi, na herufi zikamwagika sakafuni. Pigo la pili lilikuwa la goti. La tatu halikuhitajika, ila Nyigu alilitoa, kwa ajili ya miezi minane. Karani alikuwa chini ya kaunta. Fundi wa waranti alipita mbio, akateleza kwenye herufi, akaanguka kifudifudi na kuamua kubaki hapo hapo.

Alimfunga Miwani kwa waya wa chaja. Akavuta droo za chumba cha ndani. Zilijaa RAM za lebo ya kijani, mamia, kila moja na kibetri chake. Ushahidi wa kulifunga genge zima ulikuwa hapo, hata bila mnunuzi.

Akawasha kifaa cha sikioni.

"Miwani yuko chini. Leteni polisi."

Mkuu hakupoteza muda kwa hasira. "RAM iko hai?"

Nyigu alitazama saa. "Dakika kumi na mbili."

"Mashine ya kusomea iko mbele yako. Iweke. Tuma orodha kwa mnunuzi kama Miwani angefanya. Bado tunaweza kumnasa."

"Namba nne amefikiwa?"

"Gari liko njiani." Kisha sauti ikalainika, na huo ulaini ulimtisha Nyigu kuliko ukali. "Utaiona anwani yake, Nyigu. Utajua alipo. Hilo sitaliandika kwenye ripoti."

Mashine ilikuwa mezani, kifuniko wazi, nafasi ya RAM tupu. Ingechukua dakika moja. Angeona mtaa, namba ya nyumba. Angeweza kupita siku moja tu, upande wa pili wa barabara, amwone kaka yake akianika shati. Alikuwa na hamu naye kupita kiasi.

Aliitoa RAM mfukoni. Akaingiza ukucha chini ya lebo ya kijani, akaibandua polepole kama alivyofundishwa. Betri ilikuwa pale, inang'aa. Akaing'oa.

"Nyigu?"

"Imekufa, Mkuu."

"Umevunja amri mbili ndani ya saa moja. Unajua maana yake?"

"Najua. Kitambulisho changu nakiacha kwenye trei ya vilivyorudishwa." Aliitoa kadi ya Idara na kuiweka pale. "Kaka yangu si chambo cha mtu. Ukitaka mnunuzi, mtafute kwa jasho lako."

Akakitoa kifaa sikioni na kukiweka juu ya kadi. Akavaa mkoba. ThinkPad ilikuwa na ufa kwenye kona lakini skrubu zote zilikuwepo.

Polisi walimpita kwenye ngazi wakipanda mbio. Alisogea ukutani kuwapisha, akawaelekeza ghorofa ya tatu.

Nje jua lilikuwa kali. Simu yake ya Nokia iliita kabla hajafika kwenye pikipiki. Alikuwa mama yake, na swali lilikuwa lile lile la kila siku tangu mwanawe wa kiume achukuliwe: je, amepata fununu yoyote, hata ndogo, ya alipo kaka yake?

"Sijui alipo, mama," Nyigu alisema, na kwa mara ya kwanza alilisema huku akicheka. "Na wanaomtafuta pia hawajui."

Akavaa helmeti. Yamaha ikawaka kwa kiki moja.