Aliyepishwa Mlangoni

Kikohozi kilisikika nyuma ya jiko, kile kikavu cha baba mkwe, na Angetile akafanya kama alivyofundishwa alipoolewa Ikolo: akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta, akapisha mlango. Nyayo zikapita, zikaingia ndani. Ikabaki harufu ya mbao iliyorandwa punde.

"Unamkwepa nani?" aliuliza Marta, mama mkwe wake, akitoka kuanua kokoa.

"Baba amepita."

"Baba yupi? Mzee Zabroni yuko msibani Katumba Songwe tangu juzi!"

Angetile akageuka kuutazama mlango. Tangu juzi alikuwa akikipisha kikohozi hicho bila kuinua macho, maana mkwe hatazamwi.

Harufu aliijua. Mwezi wa tatu alimfuata mumewe, Ambwene, Japani, alikokuwa akisomea kilimo cha mpunga, wakaenda kutazama sikukuu ya uzazi. Wanaume waliovaa meupe walibeba begani uume uliochongwa kwa gogo zima, mkubwa kama mtumbwi, unanukia mbao iliyorandwa, na watu wanacheka bila haya, hata bibi vizee.

"Gusa, mke wangu," Ambwene alimtania. "Hapa hakuna mzee wa kanisa."

Miaka yote ile bila mtoto, akagusa. Bibi mmoja akasema neno, Ambwene akalitafsiri huku anacheka: "Ukipata mimba, atakuja mgeni kukuangalia. Mtazame usoni, mshukuru, ataondoka. Usimpishe mlango, atadhani nyumba ni yake, na kilichomo."

Sasa alikuwa amerudi Ikolo peke yake, na tumbo lilikuwa limeshaonekana. Angetile alimweleza Marta yote, kwa sauti ya chini.

"Na wewe ukampisha! Mara ngapi?"

"Sijui, mama. Kila alipokohoa."

"Ee Kyala, Mungu wangu!"

Kikohozi kikarudi. Safari hii kilikuwa uani, kinakaribia.

"Mtazame," Marta alinong'ona.

"Na kama ni baba kweli, amerudi? Nimtazame mkwe wangu kichwa wazi?"

"Aibu hiyo tutaiosha kwa ng'ombe. Mtoto akichukuliwa tutaosha nini? Simama!"

Angetile akaiacha kanga ianguke, akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili, akainua macho polepole, kutoka kwenye viatu vya mzee Zabroni hadi kwenye koti la mzee Zabroni, hadi kwenye kola ambayo yeye mwenyewe aliipiga pasi Jumamosi, na juu ya kola, chini ya kofia, hapakuwa na macho wala mdomo bali mti laini uliorandwa, na mistari yake ilikuwa ikipanuka na kusinyaa, ikipanuka na kusinyaa, kama kitu kinachovuta pumzi.

"Asante," alisema. "Lakini hupiti."

Kile kitu kikainamisha kofia, kikasogea mpaka koti likamgusa tumbo. Kisha uani hapakuwa na kitu, ila kuku.

Marta akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili tumboni. Kushoto mtoto akacheza.

"Yupo! Mzima, mwanangu, mzima!"

Angetile akaangua kilio cha furaha. Mtoto akacheza tena, na papo hapo kitu kigumu kama mti kikagonga upande wa kulia. Uso wa Marta ukabadilika.

"Kliniki walikuonyesha wangapi?"

"Mmoja, mama. Wiki iliyopita tu."

Marta akauondoa mkono wa kulia. Kilichokuwa chini yake kikaendelea kugonga.