Debe la Kwanza Baada ya Mawe Kuchongwa

Kila likizo ya Agosti Jelagat alimsaidia mjomba wake Kimaiyo kwenye mashine ya kusaga posho ya mahindi, karibu na landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, pale Nakuru. Mwaka ule wa 1956 alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alipanga madebe ya wateja kwa zamu na kumimina mahindi mashineni. Kazi yenyewe si ngumu. Wateja ndio wagumu. Huyu anasukuma debe la mwenzake kwa mguu, akidhani haonekani. Yule anataka unga laini kama poda, na papo hapo anauliza mbona unachelewa. Tena kulikuwa na Kiprugut, kijana wa injini. Kazi nzito ikitokea tu, anakumbuka hajanywa chai.

Jumamosi moja Kimaiyo aliyachonga mawe ya kusagia kwa patasi, kwani yalikuwa butu. Alipomaliza alipanda baiskeli kwenda kutafuta dizeli.

"Msisage posho ya mtu kabla ya pumba," aliwaambia. "Mawe yakichongwa hutoa mchanga. Sageni pumba debe zima, mzimwage. Mmesikia?"

"Tumesikia, mjomba."

Kiprugut aliwasha injini, kisha akaketi juu ya gunia lenyewe la pumba, kikombe mkononi.

"Ondoka, nichote pumba," Jelagat alimwambia.

"Nimalize chai. Moto haujashika nyumba."

Foleni ikaanza kunung'unika. Mbele alisimama Eucabeth, mke wa fundi wa reli, mwanamke aliyeogopwa kwa mdomo wake.

"We msichana! Umelala?" alipaza sauti. "Unatembea kama kinyonga."

"Ngoja kidogo, mama. Mashine inataka..."

"Mashine inataka unga wangu! Wiki jana nilileta debe limejaa, nikarudi na nusu. Kwenu mnakula ugali wa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Jelagat hakuwa amechukua hata konzi moja ya mtu. Masikio yalimwaka moto. Alilitazama gunia la pumba, akamtazama Eucabeth.

"Haya, mama," akasema taratibu. "Lete. Tangulia."

Kiprugut alielewa. Alimkonyeza, akanywa chai yake.

Mahindi yakamiminwa. Mawe yakalia krrr, krrr, mlio mkavu kuliko siku zote. Eucabeth alifunga debe lake la unga kwa leso, akamgeukia jirani yake.

"Wacha nikimbie. Mtoto ametoka hospitali jana, tumbo. Siku nne hakugusa chakula. Leo ndiyo ameomba uji."

Akaenda.

Jelagat alibaki na debe tupu la kumiminia mkononi. "Kiprugut, umesikia?"

"Nimesikia. Na wewe funga mdomo. Mjomba wako akijua, atatufukuza wote wawili."

Ndipo Kiprugut akainuka na kusaga pumba. Zilitoka na vumbi la kijivu. Jelagat alizisugua kiganjani. Zilikwaruza kama ukuta. Akaliangusha debe, akakimbia.

Landhi zile zilifanana zote. Aligonga mlango wa kwanza, sio. Wa pili, sio. Kwenye wa tano aliona moshi, na mtoto mwembamba ameketi kwenye mkeka. Eucabeth alikuwa akipuliza uji kikombeni.

"Mama, usimpe! Una mchanga!"

Eucabeth alionja. Meno yakakwaruza. Akakiweka kikombe chini polepole.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilikasirika. Nisamehe."

Jelagat alingoja kofi. Halikuja.

"Nilikutukana, ni kweli," Eucabeth alisema, sauti imeshuka. "Lakini huyu hapa, alikukosea nini?"

Walirudi pamoja. Kimaiyo alikuwa ameshafika. Jelagat alisema yote mbele ya foleni, hata lile la kukonyezwa. Kiprugut alikitazama kikombe chake. Kimaiyo alichota mahindi kwenye gunia lake la nyumbani, akayasaga mwenyewe, akamtwika Jelagat debe alipeleke.

"Wateja watakuudhi mpaka uzeeke," alimwambia. "Mtu akikuonea, mjibu kwa adabu, au niite mimi. Lakini hasira yako usiitie katika kazi, kwa sababu hujui ni nani atakayeila. Na wewe Kiprugut, pumba hizo ni kazi yako kuanzia leo. Chai utakunywa jioni."

Jumamosi iliyofuata Eucabeth alifika, mtoto akitembea mwenyewe kando yake.

"We msichana! Umelala?"

"Sijalala, mama," Jelagat akajibu. "Weka debe lako nyuma ya lile jekundu."

Eucabeth aliitazama foleni. Akaliweka nyuma ya lile jekundu.