Ng'ombe wa Gogo na Maziwa ya Cheptoo

"Umeambia bibi ya kijana yangu eti maziwa ya ng'ombe yangu ni mbaya? Ng'ombe yangu, Mama Ogada?"

"Sijasema mbaya, Gogo. Nimesema si ya mtoto wa wiki tano."

"Hiyo ni mbaya tu, lakini imevaa nguo ya Jumapili!"

Majirani tulikuwa pale kwenye ua, vikapu vya chai mgongoni. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kuchuma. Upande huu alisimama Gogo Rebeccah, yaani Nyanya Rebeccah, ameshika ndoo ya maziwa. Upande ule alisimama Eucabeth, mama yake Ogada, ambaye anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Wameishi jirani hapa Boito miaka tisa. Hawajawahi kugombana, hata kwa sababu ya kuku.

"Nimelea watoto sita na ng'ombe," alisema Gogo. "Nyinyi watu wa ziwa mnajua samaki. Mambo ya ng'ombe tuachieni sisi."

"Na mursik yako, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, nimekunywa miaka tisa, Gogo. Nimewahi kubakisha hata kidogo?"

Tulicheka. Gogo hakucheka. Aliingia ndani, akafunga mlango. Mlango wa Gogo, jamani, ambao haufungwi hata wakati wa mvua!

Ndani alikuwa Nelvine, mke wa mwanawe Kipchirchir. Alikuwa amempakata mtoto wake wa kwanza. Mtoto anaitwa Cheptoo, kwa sababu alizaliwa siku ambayo nyumba ilijaa wageni.

Cheptoo alizaliwa na kilo tatu. Sasa ana wiki tano, na ameongeza gramu mia mbili tu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema, "Rudi wiki ijayo. Kama uzito haujapanda, nitakuandikia barua uende hospitali kubwa."

Nelvine aliona aibu. Alimwambia Eucabeth peke yake, wakiwa kwenye mfereji wa maji. Alimwambia pia kuhusu chupa. Kila mtoto alipolia, Gogo alichanganya maziwa ya ng'ombe, maji na sukari kidogo. Mtoto alikunywa, akalala. Gogo alifanya hivyo kwa upendo. Nyumba yenye ng'ombe, mtoto alie njaa? Watu watasema nini?

Kipchirchir aliporudi alikuta mama yake amenuna. Alipoulizwa, Nelvine alieleza yote, hata habari ya barua.

"Mama," alisema Kipchirchir, "kesho ni Alhamisi. Kuna kile kikundi cha wazazi kanisani. Twende sote tusikie."

"Mimi naenda kusikia," alisema Gogo. "Sijasema naenda kukubali."

Kikundi hicho hukutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa letu, baada ya chakula cha mchana. Wanakuja akina mama, akina baba, na watoto wachanga wenye kelele kuliko kwaya. Anayekiongoza ni Janeffer, mhudumu wa afya wa kijiji. Eucabeth alijiunga wakati Ogada alipokuwa mchanga. Siku hiyo alikuwa akimwaga chai kwenye vikombe. Alimpa Gogo kikombe cha kwanza. Gogo alipokea, akaangalia dirishani.

Janeffer alimwomba Nelvine anyonyeshe. Akina baba walipewa kazi ya kuangalia ukuta.

"Unaumia?" Janeffer aliuliza.

"Sana," Nelvine alisema. "Na nafikiri maziwa yangu ni kidogo."

"Mtoto ameshika ncha tu. Ngoja afungue mdomo kabisa. Sasa mlete karibu. Kidevu kiguse titi. Hapo."

Cheptoo alinyonya. Tulisikia anavyomeza. Nelvine akashusha mabega.

"Haiumi!" alisema.

"Mnyonyeshe kila akitaka, mchana na usiku, mara nane au zaidi," alisema Janeffer. "Mpaka miezi sita hahitaji maji, uji wala maziwa ya ng'ombe. Tumbo lake bado ni changa. Na akishiba chupa, hanyonyi. Asiponyonya, maziwa ya mama yanapungua."

Gogo aliweka kikombe chini. Amechuma chai tangu akiwa msichana.

"Ngoja," alisema. "Chai usipoichuma, inakomaa. Inakataa kutoa majani mapya. Ukiichuma kila mara, inatoa. Ni hivyo?"

"Ni hivyo kabisa, Gogo."

"Basi mimi ndiye nilifanya shamba likae bila mchumaji."

Nelvine alimgeukia mama mkwe wake.

"Hukujua, mama," alisema Nelvine.

"Na ng'ombe yangu, sasa? Niuze?"

"Usiuze!" alisema Janeffer. "Maziwa yake mpe Nelvine. Anayenyonyesha anahitaji kula vizuri. Na kesho twende kwa muuguzi, amwangalie mtoto tukiacha chupa. Siku yoyote akiwa na joto au akikataa kunyonya, msingoje kikundi. Kimbieni zahanati."

Kipchirchir naye hakuachwa. Aliambiwa achote maji na afue nepi. Kesho yake tulimwona akizianika uani, anapiga mluzi kama mtu ambaye haoni majirani. Sisi tulimwona vizuri sana.

Wiki hiyo Cheptoo alinyonya na kunyonya. Siku mbili za kwanza alilia sana. Gogo aliangalia chupa, akaangalia mtoto, halafu akampelekea Nelvine kikombe cha maziwa moto. Siku ya tatu nepi zilikuwa zinalowa mara sita, mara saba.

Siku ya kupima, Gogo alisimama karibu na mizani kuliko muuguzi.

"Gramu mia mbili kwa wiki moja," alisema muuguzi. "Endeleeni hivyo. Barua siandiki."

Jioni Eucabeth alikuwa akipita na sare yake ya kiwanda. Mlango wa Gogo ulikuwa wazi. Harufu ya mboga na kimyet, ule ugali wetu, ilifika barabarani.

"Mama Ogada!" aliita Gogo. "Unapita kama polisi? Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Gogo. Sitaki kusumbua."

"Huyu mtoto anaitwa Cheptoo, na nyumba yake ikose wageni? Mursik iko tayari, na Nelvine hawezi kumaliza peke yake. Ingia tule."