Sindano Haikumuua Nelly

Mpunga ukianza kutoa masuke, watu wengi wa Lipangalala hufunga nyumba na kuhamia mashambani. Mpunga hauachwi peke yake. Mchana kuna ndege, giza likiingia kuna nguruwe. Kwa hiyo kila familia hujenga dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Humo watu hulala mpaka mavuno.

Agnella naye alihama. Mumewe, Venance, alikuwa mtoni kwenye kambi ya wavuvi. Basi alikwenda na mama mkwe wake, Bibi Philomena, na watoto wake wawili. Nelly alikuwa anasoma chekechea. Beatus alikuwa bado wa mgongoni.

Walibeba sufuria, mkeka, unga na samaki wakavu. Agnella alitazama chandarua juu ya kitanda.

"Mama, tukichukue?"

"Cha nini?" alisema Bibi Philomena. "Kule kuna kitanda? Kitaharibika kwa moshi bure."

Wakakiacha. Na majirani waliacha vyao. Kila mtu alijua hivyo: chandarua ni cha kitandani.

Kule shambani kazi ni kelele. Agnella alipiga debe tupu, Nelly alirusha madongo. Jirani yao Mayunga, Msukuma mwenye ng'ombe, alipita na pikipiki yake akasimama, akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Nelly! Hao ndege wako wamenenepa kuliko wewe."

"Afadhali ndege, Mayunga. Ndege anakula suke tu. Ng'ombe wako anakula mpaka bua!"

"Ng'ombe wangu wana adabu. Wanapiga hodi kwanza."

Nelly alicheka mpaka akakaa chini.

Haikupita muda mrefu, mchana mmoja Nelly akaacha kurusha madongo. Alijikunja kwenye mkeka. Mwili ulikuwa moto. Asubuhi yake macho yakageuka, mikono na miguu ikakakamaa, akaanza kutetemeka.

"Degedege," alisema Bibi Philomena. "Lile dege la pepo limempitia mtoto."

"Mama, tumpeleke zahanati."

"Mtoto wa degedege achomwe sindano? Unataka kumuua? Wa Osward alichomwa, hakuufikia mlango. Wa Raimundi vilevile. Hii si homa ya hospitali."

Agnella alikwenda kuchota maji. Yeye alikuwa mkwe tu. Aliyesema alikuwa mama wa mumewe, na alimpenda Nelly kama mboni ya jicho.

Walimwosha kwa majani. Walimfukiza kwa moshi wa mavi ya tembo. Siku nzima ikaisha hivyo, Agnella akisali rozari pembeni. Kesho yake Nelly hakuweza tena kumeza maji. Hapo ndipo bibi aliposema, "Basi, mpelekeni." Mayunga akawapakia kwenye pikipiki mpaka zahanati ya misheni.

Aliyewapokea ni Sista Kandida. Alimtambua mtoto kabla hajaambiwa jina. Alimpima haraka. Ilikuwa malaria kali. Akamchoma sindano, akapiga simu kuita gari la kumpeleka hospitali mjini. Gari lilipofika, Nelly alikuwa ameshakufa.

Bibi Philomena alipopata habari alipiga kelele. "Si nilisema? Si nilisema? Sindano!"

Sista Kandida hakujitetea. Alikwenda msibani Lipangalala, akasaidia kumwosha marehemu. Mikono yake ilimjua mtoto yule. Sista huyu alitoka milima ya Mahenge, akaingia utawa akiwa msichana. Kwanza alikuwa mwalimu. Baadaye shirika lake likamsomesha uuguzi, kwa sababu watoto wa darasa lake walikuwa wakifa. Sasa asubuhi alifundisha chekechea, mchana alikuwa zahanati. Nelly alifundishwa naye kushika penseli.

Venance alitoka mtoni wakazika, kisha akarudi kambini. Lakini ndege hawajui msiba. Agnella, bibi na Beatus wakarudi shambani, maana mpunga ule ndio ungewalisha mwaka mzima. Agnella alipiga debe peke yake.

Siku moja waliona gauni jeupe likija kwenye tope. Sista Kandida alikuwa ameshika ndala mkononi. Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Msimu wa madungu chekechea hubaki mabenchi tu, naye huwafuata watoto kwenye mashamba. Huandika herufi kwenye udongo kwa kijiti, watoto wakafuatisha. Akimaliza huwapima homa.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi.

Bibi Philomena hakuitikia. Alimvuta Beatus karibu, akasema, "Umekuja kumchoma na huyu?"

"Nimekuja kukupa pole, mama."

"Pole yako niliiona."

Agnella aliinamisha kichwa kwa aibu. Sista akakaa kwenye gogo.

"Mama, naomba nikuulize. Wale watoto wa Osward na Raimundi, waliletwa siku ya kwanza?"

"Walitibiwa nyumbani kwanza. Kama desturi."

"Na waliletwa lini?"

"Waliposhindikana."

"Ndivyo ninavyowapokea karibu wote," alisema Sista. "Wakati huo damu imeshaharibika na ubongo umeumia. Ninawachoma, na wengine wanakufa. Watu wanaona sindano, kisha wanaona kifo. Wanasema sindano imeua. Ile siku iliyopita kabla hawaihesabu. Degedege si dege, mama. Mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani."

Bibi Philomena alisimama. "Unasema mimi ndiye niliyemuua?"

"Sijasema hivyo."

"Nenda, Sista. Nenda, tafadhali."

Sista alimgeukia Agnella. "Mtoto akipata homa, usingoje. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, mlegezee nguo, usimtie kitu mdomoni. Halafu uje. Na chandarua mlichokiacha nyumbani mkakilete." Akashika ndala zake, akaingia tena kwenye tope, akaondoka.

Chandarua hakikuletwa. Bibi hakutaka kusikia habari yake.

Ndege walipokuwa bado wengi shambani, Beatus akaanza kuchemka. Agnella alikuwa anamfunga mgongoni, mtoto akakakamaa mikononi mwake. Macho yakageuka. Ilikuwa kama kumwona Nelly tena.

Bibi Philomena tayari alikuwa anavunja majani.

Agnella alimlaza mtoto ubavu. Mtetemeko ulipopungua, akamwinua.

"Unampeleka wapi?"

"Mama, Nelly tulimfukiza."

 Hakuwahi kumjibu mkwewe namna ile. Majani yalibaki mkononi mwa bibi. Kisha akayatupa, akafunga kanga kiunoni.

"Mayunga!" aliita kwa sauti yake yote. "Mayunga wee, lete pikipiki!"

Kule zahanati, Sista alimpima Beatus, akatayarisha dawa. Bibi Philomena akasimama kati yake na mtoto.

"Ukimchoma atakufa?"

Sista angeweza kumdanganya. "Sijui, mama. Ninaweza kukuahidi dawa. Uhai uko mikononi mwa Mungu. Lakini mmemleta mapema, na tukimwacha hivi, ninajua kitakachotokea."

Bibi alimtazama mkwewe, akamtazama mtoto. Kisha akasogea, akaushika mguu wa Beatus kwa mikono miwili.

"Mchome," alisema, akafumba macho.

Gari likawachukua mpaka hospitali mjini. Huko mtoto alichomwa sindano nyingine mpaka akafumbua macho na kutaka uji, kisha akapewa vidonge vya kumalizia. Agnella aliambiwa asiviache hata mtoto akianza kucheza. 

Siku waliyopita zahanati kushukuru, Bibi Philomena alibaki nyuma.

"Sista. Kwa hiyo Nelly naye angepona?"

Sista Kandida alimshika mkono. "Huenda angepona, mama."

Bibi alikaa pale pale kwenye ngazi. Alilia bila sauti, na Sista akakaa karibu naye. Hakumwambia asilie.

Kesho yake chandarua kilitoka Lipangalala. Sista aliwaonyesha namna ya kukifunga kwenye miti ya dungu na kuchomeka pindo chini ya mkeka pande zote, mbu asipate njia. Beatus alilala ndani yake mpaka mavuno. Homa haikumrudia msimu ule.

Lakini Bibi Philomena hakuwa na furaha ya kuimba. Siku zilezile, kabla ya mavuno, alianza kutembea dungu hadi dungu na fimbo yake. Kwa mama mmoja aitwaye Yosefina alikuta mtoto amelala, mwili unawaka, na majani yakichemka jikoni.

"Karibu, bibi," alisema Yosefina. "Tunangoja tuone kama dawa itashika."

"Mimi nilingoja," alisema Bibi Philomena. "Nilingoja siku moja tu, nikazika. Mfunge mtoto mgongoni. Twende."